Ordinateri inapotumia batri: namna ya kulinda kazi isipotee



Wengi wametuuliza kwa nini Mama Sekretere anafunga ile ordinateri ya kubeba ya biro wakati batri ingali inaonyesha 40 kwa 100. Wengine wanasema eti anataka kurudi nyumbani mapema. Hapana. Sababu iko, na sisi wa kamati ya gazeti tunaijua vizuri, maana hasara ya mwaka jana ilitukuta sisi wenyewe ndani ya biro.

Habari ni hii. Ilikuwa mwisho wa mwaka wa masomo. Umeme ulikuwa umekatika tangu siku tatu, na mazutu ya grupe ilikwisha. Tulikuwa tunasaidia kuingiza pointi za klasi ya nne ndani ya mashini, mmoja anasoma, mwingine anaandika. Batri ilionyesha 31 kwa 100, nasi tulifikiri kama saa moja nzima ingali iko. Mara kioo kikawa cheusi. Umeme uliporudi tuliwasha mashini, lakini ile faili ya pointi ilikataa kufunguka, na kopi nyingine haikuwako. Ilitubidi kuandika yote upya toka daftari za walimu, siku mbili, usiku kwa taa. Tena daftari moja ilikosekana: mwalimu mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia shule nyingine, mbali sana, naye alikwenda nayo. Wanafunzi 38 walikaa karibu majuma matatu bila kujua kama wamepita ao hapana, na wazazi wanakuja kila asubuhi kuuliza. Daftari ilifika kwa lori, imelowana na mvua, lakini ilisomeka.

Basi tulitaka kujua: ni nini iliyotukia siku ile?

Ordinateri iko na fasi mbili za kushika maneno. Ya kwanza ni kumbukumbu ya upesi. Hiyo ni kama ubao wa klasi: unaandika, unafuta, unaandika tena. Inashika maneno wakati umeme unapita ndani yake tu. Umeme ukikatika, ubao unafutika wote. Fasi ya pili ni diski, nayo ni kama daftari: hata mashini ikizimwa mwaka mzima, maneno yanabaki. Sasa, unapoandika barua ao pointi, maneno yanakaa kwanza juu ya ubao. Kufinya Ctrl na S pamoja ndiko kunakili toka ubao kuingia daftari. Mutu aliyeandika saa mbili bila kufinya ameandika juu ya ubao tu. Ni kweli, programu ya Word inaweka yenyewe kopi ya akiba kila dakika 10, kama hukuibadilisha. Munaweza kuiagiza ifanye hivyo kila dakika 2, nasi tumekwisha kufanya. Dakika 10 za kuingiza pointi ni wanafunzi wengi!

Hasara yetu ilipita hiyo. Tunafikiri umeme ulikatika wakati uleule mashini ilipokuwa inaandika juu ya diski. Ni kama kumnyang'anya mutu kalamu katikati ya neno. Faili ilibaki nusu, na mashini haikuweza kuisoma tena.

Tuseme sasa juu ya batri yenyewe. Batri za ordinateri za siku hizi ni za lithiumu. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa zawadi ya Nobel ya kemia juu ya kazi hiyo. Ndani ya batri chembe za lithiumu zinasafiri toka upande mmoja kwenda upande wa pili wakati tunapotumia mashini, na zinarudi wakati tunapoitia umeme. Upande mmoja mara nyingi umetengenezwa na kobalti. Na kobalti inatoka wapi? Kwetu! Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika inchi yetu ya Kongo, sana sana upande wa Kolwezi na Fungurume. Inakwenda China, inarudi ndani ya mashini kwa bei ambayo kila mzazi anaijua, halafu tunakosa umeme wa kuitia. Tuache maneno hayo; mwalimu wa Jeografia atayaeleza vizuri kuliko sisi.

Kila safari ya kwenda na kurudi inachokesha batri kidogo. Batri nyingi, baada ya safari 300 mpaka 500 kamili, hazishiki tena zaidi ya 80 kwa 100 ya nguvu zao za kwanza. Na ile hesabu munayoiona pembeni ya kioo si kipimo kama kuona maji ndani ya chupa. Mashini inapima kidogo na kukisia kidogo. Batri ikiwa mupya, makisio yanakuwa karibu na kweli. Ikizeeka, makisio yanadanganya: 31, kisha sifuri. Ndiyo sababu ya ile 40 ya Mama Sekretere.

Joto linazeesha batri kuliko kitu kingine. Musiweke ordinateri juu ya blanketi ao godoro, maana matundu ya hewa yanazibwa. Musiiache kwenye jua, ao ndani ya gari lililofungwa. Wakati wa likizo, kama haitatumiwa, muiache na karibu nusu ya umeme, isiwe tupu kabisa. Mukiona batri imevimba na kusukuma kifuniko, acheni kuitumia, tena musiitoboe hata kidogo, maana inaweza kuwaka moto.

Wa klasi ya tano watapenda hesabu hii. Batri ya wati-saa 45, mashini ikikula wati 15, inadumu saa 3. Punguza mwanga wa kioo, zima Wi-Fi, acha muziki na video, ikule wati 9 tu: utapata saa 5. Kioo ndicho mulaji mukubwa, kwa hiyo anza na kioo.

Jambo moja linawadanganya wengi. Mutu anafunika mashini na kufikiri kama amekwisha kuizima. Kumbe mara nyingi imelala tu, na ubao ungali unakula umeme kidogo kidogo. Ikikaa hivyo, batri inaweza kuwa tupu na ubao kufutika. Kuna namna nyingine ya kulala, ile ambayo Windows ya Kifaransa inaita « veille prolongée ». Hapo mashini inanakili ubao wote juu ya diski, kisha inajizima kweli. Kama unakwenda kula na umeme si wa kuaminika, chagua hiyo, lakini ufinye Ctrl na S kwanza.

Juu ya grupe: inapowashwa na inapozimwa, umeme unarukaruka. Sharjeri nyingi zinakubali toka volti 100 mpaka 240, lakini ruko moja kubwa linaweza kuziua. Tunaunganisha baada ya grupe kutulia, na tunachomoa mbele ya kuizima. Hapo ordinateri yenye batri ni bora kuliko ile kubwa ya mezani, maana umeme ukikatika yenyewe haisikii neno.

Lakini hata batri nzuri haizuii mwizi, wala radi, wala mvua inayopita kwenye mabati. Lazima kopi. Mmoja wetu alikuwa na kopi kweli, juu ya flashi, na flashi alikuwa anaiweka ndani ya mufuko mmoja na ordinateri. Mwizi alichukua mufuko. Kopi ikae fasi nyingine, nyumba nyingine. Musichomoe flashi wakati taa yake inametameta. Na flashi iliyotoka kwenye nyumba za fotokopi muipime kwanza na programu ya kuua virusi, maana kuna virusi vinavyoficha faili zote na kuacha alama za uongo tu. Walimu, flashi yenye maulizo ya mtihani ifungwe na neno la siri. Hatuhitaji kueleza kwa nini.

Tangu mwaka jana, kila Ijuma saa nane Mama Sekretere anafanya kopi mbili. Moja inabaki ndani ya sanduku la chuma la biro, nyingine inakwenda nyumbani kwa Bwana Prefe. Kopi isiyofunguliwa haijulikani kama ni nzima, kwa hiyo mara moja kwa mwezi tunafungua ile ya nyumbani na kuisoma. Ijuma iliyopita tuliifungua: pointi za klasi ya nne ziko zote, ila za Jeografia, ambazo mwalimu hajazileta bado.