KUFUATA MTOTO WA KULEA NG'AMBO YA BAHARI: YANAYOPASA KUJULIKANA KABLA YA SAFARI

Maelezo kwa familia za Unguja na Pemba zinazokusudia kulea au kuasili mtoto kutoka Wilaya ya Same, Tanzania Bara

Kulea mtoto usiyemzaa si jambo geni Visiwani. Zimo nyumba nyingi za Unguja na Pemba ambamo mtoto wa dada, mjukuu wa jirani au yatima wa ukoo amekula sahani moja na watoto wa nyumba mpaka akaoa au akaolewa. Lakini mtoto anapotoka Tanzania Bara, katika wilaya ambayo familia haina jamaa, wema peke yake hautoshi. Makala haya yanaeleza hatua zinazopasa kufuatwa na mume na mke, pamoja na watoto wao, wanaokusudia kuvuka bahari kwa ajili hiyo. Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, imechukuliwa kuwa mfano, na mambo ya msingi ni yale yale kwa wilaya nyingine za Bara.

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba familia haiendi Same kumchukua mtoto. Inakwenda kujuana naye, na kujulikana kwa mamlaka zinazomlinda. Nyumba inayofahamu tofauti hiyo haitahangaika njiani wala haitamhangaisha mtoto.

Nchi moja, sheria mbili

Uraia ni jambo la Muungano, na ndiyo maana Mtanzania havuki baina ya Unguja na Dar es Salaam kwa pasipoti. Malezi na kuasili watoto si mambo ya Muungano. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, ambayo ilifuta sheria ya zamani ya kuasili watoto, Sura ya 335. Zanzibar inafuata Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Kwa hivyo mtoto aliyeko Same yumo chini ya ulinzi wa sheria ya Bara, hata kama wanaomtaka ni wakaazi wa Chake Chake au Makunduchi. Barua ya Sheha, pamoja na heshima yake yote, haimtoi mtoto huyo mlimani.

Kuasili, malezi ya kambo na kafala

Maneno haya matatu huchanganywa, na mchanganyiko huo umezaa migogoro katika familia.

Kuasili ni kwa amri ya mahakama tu. Kwa Bara mahakama yenye uwezo huo ni Mahakama Kuu, na iliyo karibu na Same hukaa Moshi. Amri ikishatolewa, haki na wajibu wa wazazi waliomzaa mtoto hukoma mbele ya sheria, na mtoto huhesabiwa kama aliyezaliwa na wale waliomwasili. Amri hiyo huingizwa katika daftari la watoto walioasiliwa. Sheria ya Bara inataka mwombaji awe amefikia umri wa miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Mume na mke huomba kwa pamoja.

Malezi ya kambo ni kumkabidhi mtoto kwa familia imtunze chini ya usimamizi wa Afisa wa Ustawi wa Jamii, bila ya kukata uhusiano wake wa kisheria na wazazi wake. Mara nyingi ndiyo hatua inayotangulia kuasili, kwa kuwa mahakama hutaka kujua mtoto aliishije na waombaji. Kipindi hicho huhesabiwa kwa miezi, si kwa siku.

Kafala ni ahadi ya kumlea, kumsomesha na kumhifadhi mtoto kwa mujibu wa Uislamu, naye akabaki na nasaba yake. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao unaitaja kafala katika kifungu cha 20, pamoja na malezi ya kambo na kuasili. Mtoto wa kafala huitwa kwa jina la baba yake. Harithi kwa walezi wake kwa njia ya mirathi, bali mlezi anaweza kumuusia hadi thuluthi moja ya mali yake, au kumpa hiba wakati wa uhai wake. Suala la umaharimu nalo litazamwe mapema: mtoto mchanga aliyenyonyeshwa na mama mlezi kwa masharti yanayojulikana huwa mtoto wa kunyonya, lakini mtoto aliyepita miaka miwili hawi hivyo.

Familia ya Kiislamu inayokwenda Same iamue kabla ya safari ni lipi inalolikusudia, na imweleze Afisa wa Ustawi wa Jamii waziwazi. Kuomba kuasili huku moyoni wakikusudia kafala kutaweka mbele ya mahakama ahadi ambazo nyumba haitazitimiza, na atakayedhurika ni mtoto siku ya mirathi.

Kwa nini uangalifu huu wote

Milima ya Upare na visiwa hivi vina historia ya pamoja ambayo haipendezi kusahauliwa. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa ilipita chini ya milima hiyo kati ya pwani na Kilimanjaro, na wapo waliochukuliwa wakiwa wadogo, wakafika pwani na Unguja bila ya ukoo wala jina la kwao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria ya Zanzibar mwaka 1897. Mzee wa Kipare anapouliza mara tatu mtoto anapelekwa wapi na nani, asidhaniwe kuwa ni mkaidi. Anauliza swali ambalo babu zake hawakupata nafasi ya kuliuliza.

Swali hilo bado lina maana. Wako watoto wanaotolewa vijijini kwa ahadi ya kulelewa na kusomeshwa mjini, kisha wakafanywa watumishi wa nyumba wasiolipwa. Sheria ya mwaka 2008 ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu inataja kuwa ni kosa hata kuasili mtu kwa makusudio ya kumtumikisha. Hivyo basi, yeyote atakayedai malipo ili "arahisishe" kupatikana kwa mtoto asipewe, na taarifa zake zifikishwe polisi. Mtoto hana bei.

Hatari huzidi baada ya msiba mkubwa. Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto, na zaidi ya watu 35 wakapoteza maisha. Sisi wa Visiwani tuliyaonja majonzi ya namna hiyo kwa kuzama MV Spice Islander I mwezi wa Septemba 2011 na MV Skagit mwezi wa Julai 2012. Baada ya misiba hiyo moyo wa kila mtu ulitaka kufungua mlango wake. Ni moyo mwema, lakini mtoto aliyefiwa ana shangazi, mjomba, bibi na babu. Hao ndio wa kutafutwa kwanza, na kuwatafuta kunachukua muda. Familia ya mbali huja baada ya kuthibitika kwamba wa karibu hawapo au hawawezi.

Hatua za kufuata

Kwanza, familia ianze nyumbani. Ifike kwa Sheha wa shehia yake, kisha kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii wa wilaya, ili nyumba ikaguliwe na ripoti iandikwe. Ripoti hutazama kipato, afya, makaazi, mwenendo, na maoni ya watoto waliomo.

Pili, mawasiliano na Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Wilaya ya Same yafanywe kupitia ofisi ya hapa, kwa maandishi, kabla ya kukata tiketi. Isifike familia Same ikiwa na jina la mtoto iliyeambiwa habari zake na msafiri.

Tatu, nyaraka zitayarishwe: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vitambulisho, ripoti ya daktari na ripoti ya ukaguzi wa nyumba. Nakala zithibitishwe.

Nne, idhini ya wazazi wa mtoto, ikiwa wako hai na wanajulikana, itolewe mbele ya wanaohusika na si njiani. Mtoto mwenye umri wa kufahamu naye aulizwe, kwani maoni yake ni haki yake kwa sheria zote mbili.

Tano, mtoto asivushwe bahari kwa ruhusa ya mdomo. Familia isubiri ruhusa ya maandishi ya mamlaka iliyomkabidhi, na nakala yake iwasilishwe kwa Ustawi wa Jamii wa Zanzibar ili usimamizi uendelee huku.

Ndugu zetu walioko Oman na kwengineko, ambao wamechukua uraia wa huko, wafahamu kwamba sheria ya Bara inawahesabu kuwa wageni. Miongoni mwa masharti yao ni kuwa wameishi Tanzania miaka 3 mfululizo, na kuithibitishia mahakama kwamba nchi yao itaiheshimu amri ya kuasili. Kuwa na jamaa Unguja hakuondoi masharti hayo.

Safari ya pamoja

Sheria hailazimishi nyumba nzima kusafiri. Hata hivyo, ni vyema watoto wa nyumba waende, kwa kuwa wao ndio watakaogawana chumba, mwalimu na mapenzi ya wazazi na ndugu huyo mpya.

Safari si nyepesi. Kutoka Dar es Salaam basi hupita Chalinze, Segera, Korogwe na Mombo, ndipo milima ionekane upande wa kulia kwa muda mrefu kabla ya kufika Same mjini. Mji wenyewe uko uwandani, kwenye joto na vumbi, lakini vijiji vingi viko juu, kama vile Chome, Mbaga, Suji na Mamba, ambako usiku hutaka sweta. Wakati wa masika barabara za mlimani huteleza, na maporomoko ya ardhi yamewahi kuua watu huko, kama ilivyotokea Goha, Mamba Miamba, mwezi wa Novemba 2009. Familia ipange safari nje ya miezi ya Machi hadi Mei, na itenge siku za kutosha za kumtembelea mtoto zaidi ya mara moja.

Watoto wafundishwe kabla. Waambiwe kwamba mwenzao huenda akanyamaza, akakataa chakula au akalia, na kwamba hayo si dharau. Wale anachokula yeye, yaani makande ya mahindi na maharage, na waone mashamba ya tangawizi kama yeye atakavyokuja kuiona mikarafuu. Zawadi zisiwe za kupindukia, kwani watoto wengine wa kituo wanaobaki nao wanatazama.

Jina na asili

Mtoto aliyekua Upare anaweza kuwa anazungumza Chasu na ana jina la ukoo. Anaweza pia kuwa Mkristo, kwani sehemu kubwa ya Upare ya Kusini ilipokea Usabato na Ulutheri tangu mwanzo wa karne ya 20. Mambo haya yasemwe mbele ya Afisa wa Ustawi wa Jamii kabla ya maamuzi, wala yasiachwe kuja kugunduliwa skuli. Picha, jina la kijiji, majina ya wazazi na ya wazee wa ukoo yaandikwe na yahifadhiwe. Mtoto aelezwe asili yake mapema na wale wanaompenda, kwa maneno yanayolingana na umri wake. Akiisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa jirani siku ya ugomvi, atawashuku walezi wake katika yote waliyomwambia kabla.

Si kila ombi litakubaliwa. Familia inaweza kwenda Same, ikampenda mtoto, kisha akapatikana shangazi yake Hedaru au Makanya aliye tayari kumlea. Katika hali hiyo ofisi haikuidhulumu familia hiyo. Imetimiza kazi yake. Familia irudi na ripoti yake, kwani bado inaweza kutumika kwa mtoto mwengine, na wako wenye kuhitaji nyumba hapa hapa Visiwani, wakiwemo wa Nyumba ya Kulelea Watoto ya Mazizini.

Wananchi wenye nia ya kulea au kuasili wanaombwa kufika katika Ofisi za Ustawi wa Jamii za wilaya zao, Unguja na Pemba, siku za kazi, wakiwa na vitambulisho na cheti cha ndoa. Wafike mume na mke pamoja.