Ndoo ya Lita 20 Si Mazoezi

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu plastiki yenyewe. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba anaitoa kisimani, anajitwisha, anapanda nayo kilima, anaitua jikoni, na kabla jua halijawa kali atakuwa amerudia safari hiyo mara mbili au tatu. Mwenzake wa mjini, mwenye mimba ya umri huohuo, amekatazwa na mama mkwe asiinue hata sufuria. Anashinda kwenye kochi, miguu imevimba, na likihitajika kitu dukani anatumwa mtoto wa jirani. Wa kwanza anaambiwa mimba si ugonjwa. Wa pili anaambiwa atulie, asije akaiharibu. Watu hudhani kauli hizi mbili zinapingana, lakini mimi naona ni kosa moja lenye sura mbili. Zote zinampima mjamzito kwa wingi wa anachofanya, na hakuna anayeuliza kama ana uwezo wa kuacha anapochoka, wala kama amekula.

Tuanze na wa mjini, maana kwake ushahidi hauna utata mwingi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema mjamzito asiye na tatizo la kiafya la kumzuia afikishe angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani nusu saa hivi kwa siku tano, na aongeze mazoezi ya kuimarisha misuli. Kuujua huo wastani hakuhitaji mashine: akitembea anaweza kuzungumza na mwenzake bila kukatika pumzi, ila akijaribu kuimba pumzi hazimtoshi. Zamani kipimo kilikuwa kingine. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliwaambia wajawazito mapigo ya moyo yasizidi 140 kwa dakika, na zoezi la nguvu lisipite dakika 15. Chama chenyewe kiliziacha namba hizo mwaka 1994, kwa kuwa zilitokana na hadhari zaidi kuliko ushahidi. Moyo wa mjamzito hausomeki kama wa mtu mwingine: damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu, na moyo hupiga haraka zaidi hata akiwa ameketi. Kwa hiyo tusimcheke mama mkwe. Madaktari nao walikuwa upande wake, tena si zamani sana.

Tangu wakati huo tafiti zimeongezeka na zimeelekea upande mmoja. Wataalamu wa Kanada, walipozipitia kwa ajili ya mwongozo wao wa mwaka 2019, walikuta mazoezi yanapunguza kwa takriban asilimia 40 uwezekano wa kupata kisukari cha mimba, presha ya mimba, na ile hali ya presha yenye protini kwenye mkojo inayotangulia kifafa cha mimba. Kwa nchi zetu hilo la mwisho lingetosha peke yake, kwani kifafa cha mimba, pamoja na kutokwa damu nyingi, ni miongoni mwa mambo yanayoua wazazi wengi zaidi. Upande wa sukari sababu inaeleweka vizuri. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoidhoofisha insulini ya mama, ili sukari ibaki kwenye damu na mtoto apate sehemu yake. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari hiyo bila kuitegemea sana insulini, na ndiyo maana matembezi mafupi baada ya sahani ya wali si jambo la kudharau. Kuhusu uzazi wenyewe, uchambuzi mmoja wa mwaka 2016 uliunganisha majaribio tisa yenye wanawake 2,059 wa uzito wa kawaida. Waliofanya mazoezi mara tatu au nne kwa wiki walijifungua kwa njia ya kawaida kwa asilimia 73.6, na wasiofanya kwa asilimia 67.5, huku kujifungua kabla ya wakati kukiwa sawasawa kwa pande zote mbili. Ni tofauti ya maana, ila si muujiza. Anayemwahidi mjamzito kwamba akitembea sana hatausikia uchungu anamdanganya.

Pingamizi zito kuliko yote ni hofu ya mimba kutoka. Watafiti wa Denmark waliochunguza mimba zaidi ya 90,000 walichapisha mwaka 2007 matokeo yaliyoonyesha kwamba waliofanya mazoezi, hasa ya kukimbia na michezo ya mpira, walipoteza mimba zaidi kabla ya wiki ya 18. Baada ya wiki hiyo uhusiano huo haukuonekana. Ukiishia hapo utamwambia mkeo akae. Lakini baadhi ya wanawake hao walihojiwa mimba ikiwa imeshatoka, na mtu aliyepatwa na msiba hutafuta sababu katika kila alichokifanya wiki zile. Mwenye mimba salama hana haja ya kukumbuka kiasi hicho. Walipobakizwa waliohojiwa kabla ya matokeo kujulikana, uhusiano ulipungua, na watafiti wenyewe walionya kwamba huenda kasoro hiyo ndiyo iliyozaa matokeo. Uchambuzi mpana wa mwaka 2019 haukukuta mazoezi yakiongeza kutoka kwa mimba. Isitoshe, karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na kasoro za kromosomu, jambo ambalo hakuna kulala wala kutembea kunakoweza kulibadilisha. Kwa sababu hiyo naona ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya upole, kumwambia mwanamke aliyepoteza mimba kwamba ni ile ngoma aliyoicheza harusini.

Kikomo kipo, hata hivyo. Huko Norway wanamichezo sita wa kiwango cha Olimpiki, wenye mimba za wiki 23 hadi 29, walikimbia kwenye mashine huku mtoto akifuatiliwa. Mapigo ya moyo wa mama yalipopita asilimia 90 ya upeo wake, damu inayokwenda kwenye mji wa mimba ilipungua kwa zaidi ya nusu na moyo wa mtoto ukapunguza kasi. Mama alipoacha, mtoto alirudia hali yake upesi. Naomba msomaji ayashike maneno hayo mawili, mama alipoacha, maana tutayarudia. Jambo la pili ni joto. Mwili wa mama ukipita nyuzi 39, hasa katika wiki za mwanzo, mtoto yumo hatarini. Tafiti zinazotuliza wasiwasi huo zinahusu mazoezi ya muda mfupi kwenye hewa ya nyuzi 25 hivi, isiyo na unyevu mwingi, na hewa hiyo hutaipata Dar es Salaam wala Mombasa mchana wa Februari. Huku pwani mjamzito atembee alfajiri au jua likishatua, avae nguo nyepesi, anywe maji kabla ya kiu.

Sasa turudi kwa yule wa kisimani. Wapo wanaosema mazoezi humnyang'anya mtoto chakula. Kwa mama anayekula akashiba hilo si kweli, kwani tafiti zinaonyesha watoto wakubwa kupita kiasi wanapungua bila wadogo kupita kiasi kuongezeka. Kwa mama asiyeshiba habari ni nyingine, na ushahidi wake bora umetoka Afrika. Vijijini Gambia msimu wa mvua ndio msimu wa kulima na ndio huohuo ghala zinapokuwa tupu, na watoto wanaozaliwa miezi hiyo huwa wepesi kuliko wa msimu wa mavuno. Katika jaribio la miaka mitano kwenye vijiji 28, lililochapishwa mwaka 1997, wajawazito walipewa kila siku biskuti za karanga zenye kalori kama 1,000. Uzito wa watoto uliongezeka kwa wastani wa gramu 136, na katika msimu wa njaa ongezeko lilifika gramu 201. Watoto waliozaliwa wafu walipungua, na waliokufa katika wiki ya kwanza pia. Hakuna aliyewaambia wanawake wale watembee zaidi. Walichokosa ni chakula cha kulipia nguvu iliyokuwa ikiwatoka shambani, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyongeza ya chakula cha nguvu na protini kwa wajawazito wa maeneo yenye lishe duni.

Atatokea wa kuuliza: bibi zetu walilima mpaka siku ya uchungu, wakajifungulia palepale shambani, mbona walikuwa wazima? Tunaowasikia wakisimuliwa ni waliopona. Waliokufa, pamoja na watoto wao, hawana wa kuwasimulia. Hata hivyo swali hilo lina ukweli ndani yake: kutembea, kufagia, kupalilia kwa kiasi, kwenda sokoni na kurudi, yote hayo ni shughuli za mwili, na mwanamke wa kijijini amekwisha kupita zile dakika 150 kabla ya Jumatano. Ubaya unaanzia kwenye uzito na kwenye kukosa hiari. Watafiti wa Marekani walipokokotoa mwaka 2013 mzigo ambao mjamzito anaweza kuunyanyua mara chache tu, akiwa ameusogeza karibu na mwili, walipata kilo 16 hivi kwa nusu ya kwanza ya mimba na kilo 12 hivi kwa nusu ya pili. Ndoo yetu ina kilo 20, inainuliwa kutoka chini, na inarudiwa. Mwanamichezo wa Norway aliacha alipotaka. Huyu akiacha katikati ya njia, nyumba nzima haina maji. Hapo ndipo zoezi na sulubu vinapoachana, ingawa jasho ni lilelile.

Sheria imeliona jambo hili kwa sehemu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumfanyisha mjamzito kazi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na kumpa kazi ya kuhatarisha afya yake au ya mtoto. Mama wa kisimani hana mwajiri wa kushtakiwa. Mwajiri wake ni kaya, na sheria ya kaya inatungwa na mume, mama mkwe na wifi.

Wapo pia wasiopaswa kuanza mazoezi mpaka mkunga au daktari aseme: aliyetokwa damu ukeni, mwenye presha ya mimba, ambaye kondo la nyuma limefunika mlango wa kizazi, ambaye mlango wa kizazi umelegea, ambaye chupa imepasuka, mwenye ugonjwa wa moyo, na mwenye upungufu mkubwa wa damu. Hili la damu nalitilia mkazo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, na anayehema akiwa amekaa hajatengenezewa ratiba ya mazoezi hata kidogo. Apimwe wingi wa damu, ameze vidonge vya madini chuma, alale chini ya chandarua, kisha ndipo tuzungumze. Anayeendelea na mazoezi aache na kwenda kituo cha afya akiona damu au maji yanamtoka, akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana, uchungu wa kuja na kuondoka, au maumivu na uvimbe wa shavu moja la mguu.

Kwa mzima wa afya, njia ni nyepesi. Asiyezoea aanze na dakika kumi na aongeze kidogo kidogo. Aliyekuwa akikimbia kabla ya mimba anaweza kuendelea huku akipunguza kasi tumbo linavyokua. Baada ya miezi mitatu ya kwanza asifanye mazoezi akiwa amelala chali, kwa kuwa tumbo hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Michezo ya kugongana na ya kuanguka aiache, na kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa kabisa. (Bodaboda si mchezo, lakini kwenye barabara zetu kuanguka nako kumo.) Akaze misuli ya sakafu ya nyonga, ileile inayozuia mkojo, aibane kwa sekunde chache na kuiachia, mara kadhaa kwa siku; humwepusha na kuvujwa na mkojo tumbo likiwa kubwa na baada ya kujifungua. Wengine huona haya kuonekana barabarani na tumbo wakitembea kwa mazoezi, na haya hiyo si ya kuibeza, maana macho ya mtaa ni mazito. Basi afunge mlango, aweke muziki, acheze. Dakika 15 za kukata kiuno asubuhi na 15 jioni zinahesabika kama za matembezi, na hazina ada.

Wewe mume unayesoma haya, siku ya kliniki msindikize mkeo, umuulize mkunga abebe nini na asibebe nini. Ile ndoo kaichote wewe kesho alfajiri.