Nyumba ikiuzwa kinyume cha sheria, fidia hufuata karatasi na tarehe

WAKULIMA wa Nachingwea na Ruangwa hupata fedha kwa msimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, minada ya korosho huanza Oktoba, na mbaazi huziba pengo kwa wale waliozilima. Ada ya shule, trekta la kulimia na vibarua wa palizi havisubiri mnada. Kwa sababu hiyo wakulima na wafanyabiashara wadogo wa wilaya hizi hukopa, na mkopo ukiwa mkubwa mkopeshaji hutaka rehani: nyumba, kiwanja au shamba lenye hati.

Mkopo ukirejeshwa vizuri, mkataba hukaa kabatini na hakuna anayeukumbuka. Kazi huanza pale msimu unapoharibika. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo baada ya kutoelewana na wanunuzi binafsi kuhusu bei, na wakulima wengi waliendelea kusubiri malipo yao hadi mwaka 2019. Mkataba wa mkopo hausogezi tarehe ya rejesho kwa sababu tu korosho iko ghalani. Aliyekopa kwa kutegemea fedha za msimu anaweza kujikuta anadai huku na anadaiwa kule, na anayemdai ndiye mwenye hati ya nyumba yake.

Mkopeshaji ana haki ya kuuza rehani mdaiwa akishindwa kulipa. Lakini haki hiyo ina masharti. Akiyavunja, mwenye mali anaweza kudai fidia, na walioumizwa wakiwa wengi sheria inawaruhusu kudai kwa pamoja. Wengi huikosa fidia hiyo kwa sababu walichelewa au hawakutunza karatasi, ingawa haki ilikuwa yao.

Mnada una masharti yake

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyorekebishwa na sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa notisi ya maandishi kabla ya kugusa rehani. Notisi hiyo ieleze kosa ni lipi na deni ni kiasi gani, na impe mdaiwa siku 60 tangu aipokee. Ni siku za kulipa, kuomba ratiba mpya ya marejesho, au kwenda kupinga hesabu kama zimekosewa.

Siku hizo zikipita, bado nyumba haiuzwi kimyakimya. Sheria ya Madalali inataka mnada wa ardhi utangazwe hadharani kwa siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya na mahali mnada utakapofanyika. Nyumba ya Ruangwa haitangazwi Dar es Salaam pekee.

Sharti jingine ni bei. Mkopeshaji anawajibika kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana wakati huo. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinasema bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi ya bei ya kawaida ya mali za aina hiyo sokoni, itachukuliwa kwamba mkopeshaji amekiuka wajibu wake, mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa mfano, nyumba ambayo nyumba za aina yake zinauzwa Sh20 milioni ikiuzwa Sh15 milioni au pungufu, mkopeshaji ndiye anayepaswa kujieleza.

Fedha za mnada zikizidi deni na gharama halali, ziada ni ya mwenye nyumba. Wapo wanaoona aibu kurudi kwa mkopeshaji baada ya mnada kuulizia salio. Hakuna aibu hapo, fedha hiyo ni yao.

Kwa wanandoa, nyumba ya familia haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mwenzi. Mkopeshaji anatakiwa kuchukua hatua za kujua kama mkopaji ana mke au mume, na mkopaji anayedanganya katika hilo anatenda kosa. Mama wa nyumba aliyesikia habari za rehani siku dalali alipofika na kipaza sauti ana hoja mbele ya mahakama.

Nyumba au fidia?

Wengi hukimbilia mahakamani wakitaka nyumba irudi. Inawezekana, hasa mnada ukiwa bado haujafanyika, kwa kuomba zuio mapema. Nyumba ikishauzwa kwa mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, bila kujua kasoro, sheria humlinda mnunuzi huyo.

Hapo kifungu cha 135 ndicho kinachomsaidia aliyeuziwa mali yake isivyo halali: anaweza kudai fidia kwa aliyetumia mamlaka ya kuuza. Anayedaiwa ni mkopeshaji. Kugombana na mnunuzi aliyehamia ndani hupoteza muda, na muda ndio unaowaangusha wengi.

Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba, miaka 3 kwa madai ya madhara mengine, na miaka 12 kwa kudai ardhi yenyewe. Yapo madai ya fidia ambayo muda wake ni mwaka 1 tu, hasa mdaiwa anapojitetea kwamba alichofanya kilikuwa utekelezaji wa sheria. Kwa kuwa wanasheria hubishana dai fulani liangukie wapi, njia salama ni kuhesabu kwa muda mfupi na kuanza mapema.

Kuna mtego pia katika mazungumzo. Mkopeshaji anaweza kusema, "njoo wiki ijayo, tunashughulikia," na wiki zikawa miaka. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba mazungumzo nje ya mahakama hayasimamishi muda wa kufungua kesi. Zungumza, lakini kalenda iwe mkononi.

Kudai kwa pamoja

Hasira ya wengi haigeuki kuwa malipo yenyewe tu. Aprili 2013 katika wilaya jirani ya Liwale, wakulima waliokuwa wakitarajia Sh600 kwa kilo kama malipo ya pili ya korosho waliambiwa watapata Sh200, na nyumba za watu zikachomwa moto. Deni lilikuwa la vitabuni, lakini siku ile lilidaiwa kwa kiberiti.

Ipo njia nyingine. Amri ya Kwanza, Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu mtu mmoja au wachache kufungua kesi kwa niaba ya wengi wenye maslahi ya aina moja. Kwanza huombwa kibali cha mahakama. Kibali kikitolewa, wahusika wote hupewa taarifa, ama mmoja mmoja au kwa tangazo, na gharama hubebwa na wanaofungua kesi. Kesi za namna hii zimekuwa zikitupwa kwa sababu wawakilishi walikwenda bila kibali, au walishindwa kuonyesha orodha ya watu wanaowawakilisha.

Faida ni kugawana gharama za wakili na kuunganisha ushahidi. Lakini maslahi lazima yafanane kweli. Wakopaji 40 waliokatwa na mkopeshaji mmoja tozo ileile isiyokuwemo kwenye mkataba wana dai moja. Watu 40 ambao nyumba zao ziliuzwa siku tofauti, kwa notisi tofauti na bei tofauti, wanaweza kuambiwa kila mmoja aende na kesi yake.

Jambo moja husahaulika mara nyingi. Kesi ya uwakilishi iliyoendeshwa kihalali huwafunga wote waliowakilishwa, hata aliyekaa nyumbani, na wawakilishi wakikubaliana na mkopeshaji, makubaliano yanaweza kusajiliwa kuwa tuzo ya mahakama. Ukisoma tangazo linalogusa mkopo wako, usilipuuze: nenda ukaombe kuingizwa, au ueleze kwamba huyakubali yanayofanywa kwa jina lako.

Wakulima 60,000 waliochelewa

Marekani, ambako kesi za kundi ni za kawaida zaidi, ina mfano ambao mkulima yeyote ataulewa. Mwaka 1997 mkulima mweusi wa North Carolina, Timothy Pigford, na wenzake waliishitaki Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo. Wizara hiyo ilikuwa pia mkopeshaji wa wakulima kupitia ofisi zake za wilaya. Walidai kwamba wakulima weusi walinyimwa mikopo au waliipata baada ya msimu wa kupanda kupita, na wengi wakapoteza mashamba.

Makubaliano yaliidhinishwa na mahakama Aprili 1999. Mkulima alichagua njia mojawapo kati ya mbili. Njia ya kwanza ilihitaji ushahidi mwepesi na malipo yake yalikuwa dola 50,000, pamoja na nafuu ya kodi na ya madeni. Ya pili haikuwa na kikomo cha malipo, lakini ilihitaji ushahidi mzito na kusikilizwa kama kesi. Karibu wote walichagua ya kwanza.

Mwisho wa kuwasilisha fomu ulikuwa Oktoba 12, 1999. Wadai zaidi ya 22,000 walikubaliwa kusikilizwa, wapatao 15,000 wakashinda, na malipo yote yakazidi dola bilioni 1. Lakini wakulima zaidi ya 60,000 waliomba baada ya tarehe hiyo. Wengi walieleza kwamba taarifa hazikuwafikia vijijini. Karibu wote walikataliwa, bila kuulizwa kama walionewa au la.

Iliwabidi wapigane upya. Mwaka 2008 Bunge la Marekani liliwafungulia mlango, mwaka 2010 yakafikiwa makubaliano mengine ya dola bilioni 1.25, na malipo yakatoka mwaka 2013. Ni miaka 14 tangu makubaliano ya kwanza, na wapo waliokufa wakisubiri.

Nchini humo pia, Januari 2013, wasimamizi wa mabenki walikubaliana na makampuni ya mikopo ya nyumba kuwalipa wakopaji milioni 4.2 ambao nyumba zao zilikuwa katika hatua za kutwaliwa mwaka 2009 na 2010. Malipo yalianzia dola 300 hadi 125,000, na wengi walipata viwango vya chini. Aliyepoteza nyumba hawezi kununua nyingine kwa dola 300. Fidia ya kundi kubwa mara nyingi hugawanywa hivyo, na mwenye hasara kubwa na ushahidi mzuri ajiulize kama kesi yake mwenyewe haitamfaa zaidi.

Mambo ya kufanya

Mkopaji wa Nachingwea au Ruangwa hahitaji kusubiri ugomvi ili ajiandae. Siku ya kusaini adai nakala ya mkataba, yenye riba, tozo na tarehe za marejesho. Asisaini karatasi yenye nafasi tupu. Mdhamini anayetoa nyumba yake kwa mkopo wa ndugu au rafiki afanye vivyo hivyo, kwa kuwa nyumba itakayouzwa ni yake.

Kila stakabadhi ya marejesho itunzwe, pamoja na ujumbe wa simu wa malipo. Notisi ikifika, itunzwe na bahasha yake, na tarehe iliyopokelewa iandikwe pembeni mbele ya shahidi, maana siku 60 zinahesabiwa kuanzia hapo. Stakabadhi za chama cha msingi nazo ziwekwe, kwani zinaonyesha fedha iliyokuwa njiani wakati wa kuomba ratiba mpya.

Ukiona tangazo la mnada, lipige picha likiwa ukutani, tarehe ionekane. Mali ikiwa imeshauzwa, andika bei iliyofikiwa na umtafute mthamini aliyesajiliwa akadirie thamani. Bila makadirio hayo, hoja ya asilimia 25 hubaki maneno matupu.

Malalamiko yaanze kwa mkopeshaji, kwa barua, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkopeshaji akiwa ni benki na asipotatua, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la kushughulikia malalamiko ya wateja tangu mwaka 2015, na ina tawi Mtwara. Kwa wakopeshaji wadogo ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowataka wawe na leseni. Mwulize mkopeshaji leseni yake kabla ya kumkabidhi hati. Asiyemudu wakili aulize wilayani kuhusu wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017.

Wakidai kwa pamoja, wahusika waitishe mkutano, waandike muhtasari, kila mmoja asaini mbele ya jina lake na kiasi anachodai, kisha wachague wawakilishi. Michango ipokelewe kwa risiti. Palipo na habari za fidia hujitokeza pia watu wanaouza fomu na kuahidi kuingiza majina kwenye orodha. Kabla ya kumpa yeyote hata shilingi elfu tano, mwombe namba ya kesi na uende masijala ya mahakama kuuliza kama kesi hiyo ipo.