Kishazi Kinachobeba Wazo: Sentensi za Kufikiri katika Kiingereza

Katika sarufi ya Kiingereza lipo kundi la vitenzi ambavyo mara nyingi hudai sentensi nzima ije nyuma yao ili maana ikamilike, nalo ni kundi la vitenzi vya kufikiri, kama vile “think”, “believe”, “suppose”, “guess”, “know” na “realise”. Anayefikiri hufikiri jambo, na kwa kuwa jambo lenyewe huwa na mtenda wake, tendo lake na wakati wake, lugha huliingiza ndani ya sentensi likiwa kishazi, yaani fungu la maneno lenye kiima na kitenzi. Kishazi cha namna hiyo huitwa tegemezi, na kile kinachokibeba huitwa kishazi kikuu. Kwa hiyo, katika sentensi “I think that it will rain”, yenye maana ya nadhani kwamba mvua itanyesha, vitabu vya shule hufundisha kuwa “I think” ndicho kishazi kikuu na habari ya mvua ni tegemezi.

Kwa umbo, mafundisho hayo ni sahihi. Kwa maana, humpoteza mwanafunzi. Mtu anayeuliza kama achukue mwavuli, akajibiwa kwa sentensi hiyo, hajapewa taarifa za yanayopita kichwani mwa mwenzake, kwani alichoambiwa ni habari ya mvua, pamoja na kipimo cha uhakika wa yule anayesema. Jambo linalozungumzwa limo katika kishazi kinachoitwa tegemezi, na kile kinachoitwa kikuu kimebaki kuwa alama ya tahadhari tu. Mwanafalsafa Mwingereza J. O. Urmson alilieleza jambo hili mwaka 1952, alipoonyesha kwamba vitenzi kadhaa vya aina hii, vikitumiwa katika nafsi ya kwanza na wakati uliopo, havisimulii tendo lolote la akili bali humwongoza msikilizaji aipokee kauli kwa uzito unaostahili. Ndiyo maana “I think” huweza kuhama kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho, ikawa “It will rain, I think”, kama Mswahili asemavyo mvua itanyesha, nadhani. Kishazi kikuu cha kweli hakihamishwi kwa wepesi wa namna hiyo.

Uhuru huo wa kuhama unahusiana na neno dogo “that”, ambalo kwa asili ni kionyeshi chenye maana ya kile, na ambalo baadaye lilipewa kazi ya kuunganisha vishazi kama lifanyavyo kwamba katika Kiswahili. Katika mazungumzo ya kila siku Waingereza na Wamarekani hulidondosha mara kwa mara. Wanaisimu Sandra Thompson na Anthony Mulac, katika makala walizotoa mwaka 1991 baada ya kuchunguza mazungumzo ya Wamarekani, walionyesha kwamba udondoshaji huo haufanyiki ovyo, kwa kuwa huwa mwingi zaidi pale kiima kinapokuwa mimi au wewe na kitenzi kinapokuwa “think” au “guess”, ambapo ndipo hasa vishazi hivyo vinapogeuka kuwa alama za uhakika. Pale kiima kinapokuwa mtu mwingine, au kitenzi kinapokuwa cha nadra zaidi, “that” huelekea kubaki. Katika maandishi rasmi pia hudumu, kwa sababu msomaji asiyesikia sauti ya msemaji huhitaji kuonyeshwa mahali wazo linapoanzia.

Upo ushahidi mwingine ulio wazi zaidi, nao unapatikana katika maswali mafupi ambayo Waingereza huyabandika mwishoni mwa sentensi kutaka kuthibitishiwa. Kwa kawaida swali hilo hufuata kiima na kitenzi cha kishazi kikuu, hivyo “He thinks she is coming” huulizwa “doesn’t he?”, yaani, anadhani hivyo, sivyo? Lakini msemaji akisema “I think she is coming”, hamalizi kwa kuuliza kama yeye mwenyewe anadhani, humaliza kwa “isn’t she?”, swali linalomhusu yule anayekuja. Sarufi yenyewe, bila kuamriwa na mwalimu yeyote, imekwisha kuamua kwamba kichwa cha sentensi kimo ndani ya kishazi tegemezi.

Swali hilohilo fupi huangaza tabia ya ukanushi, ambayo huwasumbua wengi wanaojifunza Kiingereza. Mwingereza anayeamini kwamba mtu fulani haji hasemi sana “I think she isn’t coming”; husema “I don’t think she is coming”, akikanusha kitenzi cha kufikiri ingawa anachokataa ni kuja kwa mtu. Akiongeza swali, husema “is she?”, kwa umbo la kukubali, jambo linaloonyesha kwamba kikanushi kinahesabiwa kana kwamba kimo katika kishazi cha chini. Wanaisimu huliita jambo hili upandishaji wa ukanushi, na Kiswahili nacho hulifahamu, kwa kuwa asemaye sidhani kama atakuja hadai kwamba hana mawazo juu ya suala hilo. Anasema kwa upole kwamba mgeni hatakuja. Hata hivyo si kila kitenzi hukubali mabadilishano hayo, maana “I don’t know that she is coming” haina kabisa maana ya najua haji, na kitenzi “hope”, cha kutumaini, hukataa kwa kawaida, hivyo Waingereza hujibu “I hope not” badala ya kukanusha matumaini yenyewe. Ni vizuri jambo hili lifundishwe mapema, kwa sababu barua ya kikazi inayosema “I don’t think we can accept” ni barua ya kukataa, na anayeisoma kama shaka ya mwandishi atasubiri jibu ambalo amekwisha kulipata.

Mambo hubadilika mara kiima kinapokuwa mtu mwingine. “She thinks that the bank is open” husimulia kwa dhati hali ya akili ya mwanamke fulani, na kishazi tegemezi kinakuwa chombo cha kubeba ulimwengu kama anavyouona yeye, hata kama benki imefungwa tangu jana. Sentensi nzima inaweza kuwa kweli huku kishazi kilichomo kikiwa uongo. Mwanafalsafa Mjerumani Gottlob Frege alilitafakari jambo hili katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1892, akitumia nyota ya asubuhi na nyota ya jioni, ambazo zote ni sayari ya Zuhura. Mtu asiyejua hilo anaweza kuamini jambo juu ya ile ya asubuhi na kulikataa juu ya ile ya jioni. Kwa hiyo, ndani ya kishazi kinachofuata kitenzi cha kuamini, jina haliwezi kubadilishwa kwa jina jingine la kitu kilekile bila hatari ya kumsingizia mtu imani asiyokuwa nayo.

Vitenzi vya kujua na kutambua huenda njia nyingine. Paul na Carol Kiparsky, katika makala ya mwaka 1970, walifafanua kundi la vitenzi vinavyochukulia kwamba kishazi kinachovifuata ni kweli. Anayesema “She doesn’t realise that the bank is closed” amekanusha utambuzi wa mwanamke huyo, lakini kufungwa kwa benki kumebaki palepale bila kuguswa na kikanushi. Mawakili na waandishi wa habari wanaotumia Kiingereza wanapaswa kulichunga sana jambo hili, kwa kuwa kuandika kwamba mshukiwa alijua ni kukiri pia kwamba alilolijua lilikuwa kweli, ilhali kuandika kwamba aliamini hakumfungi mwandishi kwa lolote.

Swali la namna watoto wanavyopata ujuzi huu limezaa mjadala mkubwa. Holger Diessel na Michael Tomasello walichapisha mwaka 2001 uchunguzi wa usemi wa watoto 7 wanaozungumza Kiingereza, wakaona kwamba mwanzoni “I think” kwao ni fungu lililoganda, lenye kiima kilekile na wakati uleule na lisilofuatwa na “that”, ambalo halijawa kishazi kikuu cha kweli. Matumizi mazito zaidi, yanayosimulia mawazo ya mtu mwingine, huja baadaye. Kwa upande mwingine, tangu jaribio la Heinz Wimmer na Josef Perner la mwaka 1983, imejulikana kwamba watoto wengi wa miaka 3 hushindwa kueleza kwamba mtu ambaye chokoleti yake imehamishwa akiwa hayupo ataitafuta mahali alipoiacha, na kwamba uwezo huo huonekana wazi baada ya miaka 4. Jill de Villiers na Jennie Pyers walidai mwaka 2002 kwamba sarufi ya vishazi tegemezi ndiyo inayomwezesha mtoto kuieleza imani potofu, kwa sababu umbo hilo humruhusu aweke uongo ndani ya sentensi ya kweli. Dai hilo linavutia, lakini haliwezi kuwa maelezo yote, kwani mwaka 2005 Kristine Onishi na Renée Baillargeon walionyesha kwamba watoto wa miezi 15, wasioweza kutamka sentensi ya aina hiyo, hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi pale mtu anapotenda kinyume na imani yake potofu.

Linabaki suala la njeo, ambapo Kiingereza na Kiswahili huachana. Kitenzi cha kufikiri kikiwa katika wakati uliopita, Kiingereza huvuta kitenzi cha kishazi tegemezi kiingie katika wakati huohuo, ikawa “I thought you were at home”, huku Kiswahili kikiacha kishazi katika wakati alioufikiria msemaji, yaani nilidhani uko nyumbani. Sentensi hiyo ya Kiingereza ikiandikwa tu haionyeshi kama dhana ilitimia au la, kwa kuwa kazi hiyo imeachiwa sauti. Mkazo ukiwekwa kwenye “thought”, msemaji huwa anasema alivyodhani ndivyo ilivyokuwa, naye Mswahili katika hali hiyo angeweza kusema nilijua tu. Mkazo ukiangukia “home”, msemaji huwa amemkuta mwenzake mahali pengine na anashangaa.