Pampu ya Mafuta na Shinikizo katika Injini ya Gari

Madereva wengi huamini kwamba pampu ndiyo izalishayo shinikizo la mafuta katika injini, kama vile moto uzalishavyo joto. Lugha yenyewe yachangia kosa hilo. Neno shinikizo, litokanalo na kitenzi shinikiza, humfanya msikilizaji amtafute mwenye kushinikiza, na aliye karibu ni pampu. Kumbe pampu husogeza mafuta tu. Shinikizo huzaliwa pale mafuta hayo yanapozuiwa njiani. Mmwagiliaji bustani hulijua jambo hilo: akiubana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji huruka mbali, ingawa bomba halikufunguliwa zaidi.

Pampu ya kawaida ina magurudumu mawili yenye meno, yaliyobanwa ndani ya kisanduku cha chuma na kuzungushwa na injini yenyewe. Mafuta huvutwa kutoka sampu kupitia wavu wa kuzuia takataka, yakaingia kati ya meno na ukuta wa kisanduku, yakabebwa pembeni (wala si katikati, kama mchoro unavyoweza kumdanganya mtazamaji), kisha yakasukumwa nje meno yanapokutana. Hupita katika chujio, ndipo yafike kwenye beringi za fito kuu. Kila mzunguko hubeba takriban kiasi kilekile. Hivyo injini ikienda kasi mafuta huzidi, na vali ya springi hufunguka ili kuyarudisha ya ziada yasije yakapasua chujio, hasa asubuhi ya baridi yanapokuwa mazito.

Kizuizi kikubwa ni mwanya kati ya fito na beringi, ambao unene wake ni sehemu chache za mia za milimita. Hapa ndipo penye siri. Shinikizo na uzito wa mafuta vikibaki vilevile, mwanya ukipanuka mara mbili hupitisha mafuta mara nane. Katika injini iliyochakaa, basi, mafuta yakipata moto na kuwa mepesi, shinikizo huanguka gari linapounguruma papo hapo bila kwenda, hata kama pampu ni nzima. Katika mji kama Lubumbashi, ambako magari mengi huingia yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, kubadilisha pampu ya injini ya namna hiyo ni kumtibu asiyeumwa. Kutia mafuta mazito zaidi hupandisha shinikizo, lakini hakurudishi chuma kilicholika. Hata hivyo pampu si malaika: meno yake hulika, springi ya vali hulegea, wavu huziba, na mafuta yakipungua mno huvuta hewa.

Je, shinikizo la pampu ndilo libebalo fito? La. Katika majaribio yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1883, Beauchamp Tower alitoboa tundu juu ya beringi ya ekseli ya reli. Mafuta yakapanda tunduni. Alipoliziba kwa kizibo, kisha kwa kigingi cha mti, vyote vilisukumwa nje, na pampu haikuwapo. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza sababu: fito inayozunguka huyakokota mafuta hadi penye wembamba, na hapo hujifanyia shinikizo kubwa kuliko lile la pampu. Kazi ya pampu ni kulisha tu, ila lishe ikikatika utando wa mafuta huisha na chuma husugua chuma.

Ndiyo maana taa nyekundu yenye picha ya kopo la mafuta husomwa vibaya na wengi, wakidhani yaomba kuongezewa mafuta siku ikipatikana nafasi. Katika magari mengi taa hiyo huwaka shinikizo liliposhuka karibu na nusu baa, yaani lishe iko karibu kukoma. Injini huzimwa papo hapo, wala haiendeshwi hadi karakana. Huko, kabla ya kufungua chochote, fundi makini hukitoa kihisio cha taa, akafunga geji mahali pake, akapima injini ikiwa imepata moto.