Harufu Hutangulia: Utangulizi wa Elimu ya Pepo katika Pwani ya Wabajuni

Mgeni wa somo la uwindaji huuliza kwanza habari za mtego, mshale na mbwa. Mimi namwomba aanze na upepo. Digidigi, yule paa mdogo wa vichaka vya nyuma ya Kismayuu, kusini mwa Somalia, mwenye uzito wa kilo tano hivi, hana pembe za kumtisha mtu. Kinga yake ni macho, masikio, na ile pua ndefu isiyotulia. Ukimwendea huku upepo ukikupiga kisogoni, harufu yako imekwisha kufika kabla yako, na kichaka utakikuta kitupu.

Hapa Mbajuni, mvuvi wa pwani hii na visiwa vyake, ana mtaji mkubwa, kwa sababu maneno ya jambo hili anayo tayari kutoka baharini. Upande wa chombo unaopigwa na upepo ni goshini. Upande wa pili ni demani. Kwa lugha hiyohiyo naweza kulisema fundisho zima la uwindaji wa miguu: mwache mnyama awe goshini, nawe ubaki demani yake.

Sasa tazama jinsi pwani yenyewe ilivyokaa. Visiwa vya Koyama, Chovai na Chula vimejipanga sambamba na bara, kutoka upande wa Kismayuu kuelekea Ras Kiamboni, yaani kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Pepo kuu mbili hufuata karibu mstari huohuo. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo mwindaji anayetembea kuelekea Kismayuu ana upepo usoni. Kusi kikishika, tangu Mei hadi Septemba hivi, mambo hugeuka, na njia njema ni ya kuelekea Kiamboni. Kijia kilekile chenye nyayo za jana kina miezi ya kwendwa na miezi ya kurudiwa.

Juu ya hizo kuna pumzi ya kila siku. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko bahari, na alfajiri upepo hushuka kutoka bara. Anayetoka kisiwani kwa mashua na kutia mguu ufukweni kabla ya jua kupanda, harufu yake inarudi baharini. Bara lote liko goshini kwake. Jua likishapasha mchanga, upepo wa bahari huingia na kuibeba harufu hiyohiyo hadi vichakani. Jambo hili huonekana wazi zaidi wakati wa tangambili, pepo kuu zinapopeana zamu. Kusi kikali hulifunika.

Ndani ya kichaka hesabu huharibika, kwa kuwa upepo hupinda kwenye mashina na kujizungusha penye uwazi. Ndiyo maana wawindaji wa sehemu nyingi za Afrika hudondosha jivu au vumbi laini kwa ncha za vidole na kulitazama likienda. Usilitazame pale linapoanza kuanguka tu. Litazame karibu na ardhi, kwenye kimo cha pua ya digidigi.

Kanga na kwale ni somo jingine. Wao hutegemea zaidi macho na masikio, na faida ya upepo kwao ni ule mchakacho wa majani unaofunika hatua za mtu.

Maandishi ya kuanzia yapo. Vinigi Grottanelli aliandika kwa Kitaliano kitabu kikubwa juu ya wavuvi Wabajuni, kilichotoka mwaka 1955. Bernd Heine alichapisha mwaka 1982 uchunguzi wa lahaja za Waboni, ambao hujiita Aweer, wawindaji na warina asali wa misitu ya mpakani mwa Somalia na Kenya. Kwa maoni yangu, uvuvi wa Wabajuni na uwindaji wa Waboni umetenganishwa mno katika vitabu, ilhali upepo unaowapiga ni mmoja.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na vita vya Somalia tangu 1991 viliwatoa Wabajuni wengi visiwani mwao, wakakimbilia Lamu na Mombasa. Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, sikutumi ukawinde. Nakutuma kwa wazee waliopo. Waulize majina ya pepo, kila moja na saa yake na mwezi wake, uyaandike kwa Kibajuni kama wanavyoyatamka wao.