Mstaafu Mgeni na Ahadi ya Kibali cha Ukaazi

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wapo Waislamu wa nchi za nje ambao wakishastaafu hupenda kuhamia Arusha, chini ya Mlima Meru, kwa ajili ya ubaridi wake na utulivu. Maimamu huombwa ushauri, na pengine huitwa kushuhudia mikataba. Basi tumeona tulieleze jambo hili kisheria.

Chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, mstaafu mwenye uwezo wa kujikimu huomba kibali cha ukaazi daraja C. Kibali hicho si cha ajira wala biashara. Anayetaka kufungua kampuni ya kutembeza watalii hana budi kuomba kibali cha shughuli hiyo. Na aliyeingia kwa viza ya matembezi, kisha akajibanza muda wake ulipokwisha, amevunja sharti.

Katika fiqhi, ruhusa ya kuingia na kukaa katika nchi ya watu huitwa amani. Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria) ameeleza katika al-Mughni kuwa aliyepewa amani ni haramu kwake kuwafanyia khiyana waliompa, kwani wameitoa kwa sharti hilo hata kama halikutamkwa. Naye alizungumzia nchi ya maadui. Seuze nchi iliyokupokea kwa wema!

Huenda mtu akasema: "Hii ni sheria ya serikali tu, haina dhambi." Tunamjibu kwa kisa cha al-Mughira bin Shu'ba (r.a.), kilichopokewa na Bukhari. Kabla ya kusilimu aliwaua wenzake wa safari na kuchukua mali zao. Mtume (s.a.w.) aliukubali Uislamu wake, lakini mali ile aliikataa. Wenye mali walikuwa washirikina, na khiyana ikabaki kuwa khiyana.

Mtego mkubwa zaidi ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo wapo wanaonunua kiwanja kwa kuandikisha jina la rafiki mwenyeji. Mstaafu akifa, hati husema mali ni ya rafiki. Mjane na mayatima hutoka mikono mitupu. Imamu aliyeweka sahihi kwenye karatasi hiyo atakuwa ameshuhudia uongo, na ameufungulia mlango dhulma ya mirathi.

Njia ya halali ipo: ijara. Akodi nyumba kwa mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa, kama Surat al-Baqara aya ya 282 inavyotufundisha kuandika madeni, na aandike wasia wake mapema. Maimamu nao wasishuhudie ila lililo kweli.

Wallahu a'lam.